Anzia Unguja, Pemba ifuate

Dada yangu, umeuliza ukajifunze wapi kuzamia kwa mtungi wa hewa, Unguja au Pemba, nawe hujawahi kuvaa hata miwani ya maji. Anzia Unguja. Pemba ina miamba inayoshuka wima hadi kina kikubwa, na maji yake hukimbia kwa nguvu. Ni pazuri mno, ila panamfaa mtu aliyekwisha kujua kutulia chini. Anayeanza akipambana na mkondo, hewa humwishia upesi na hofu humwingia.

Wengi watakutuma Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa Unguja, na si vibaya. Lakini usiidharau Mji Mkongwe: miamba ya karibu na visiwa vya Bawe na Changuu haina kina kirefu, na upande huo wa magharibi umekingwa dhidi ya upepo wa kusi. Kisiwa cha Mnemba utakwenda ukishazoea.

Hata hivyo, mwalimu ni muhimu kuliko ufukwe. Muulize anachukua wanafunzi wangapi kwa pamoja, na kama oksijeni ya dharura ipo mashuani. Akikereka na maswali, tafuta mwingine, tafadhali.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Oktoba na Novemba bahari hutulia.

Kozi ya kwanza huishia mita 18. Kamwe usizuie pumzi unapopanda juu, maana hewa hutanuka na inaweza kuchana mapafu. Na kurudi Dar, panda boti. Ukitaka ndege, ngoja angalau saa 18 baada ya kuzamia mara ya mwisho.