Kipengele cha ulemavu usikiruke, mdogo wangu

Wiki iliyopita nilikaa na wadogo zangu watatu wanaojaza maombi ya mkopo wa chuo. Mmoja sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia linasikia kwa mbali. Nikaisogeza simu yake karibu na jicho: kwenye swali la ulemavu kaweka "Hapana". Nikamuuliza kulikoni. Akainama. "Dada, sitaki kuhurumiwa." Nikanyamaza kwanza, maana hayo yalikuwa maneno yangu.

1. Jaza ukweli. Mimi nina uoni hafifu tangu kuzaliwa. Nilipomaliza kidato cha sita nilijaziwa OLAMS, yaani fomu ya mtandaoni ya Bodi ya Mikopo, kwenye steshenari ya mtaani, foleni nyuma yangu imefika mlangoni. Kijana wa kompyuta akauliza kwa sauti: "Una ulemavu wowote?" Nikahisi watu wote wamegeuka. Nikasema sina. Akabonyeza, akaendelea na swali lingine. Ile fomu nikaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mahakamani, nikaisaini kwa mkono wangu kwamba yote yaliyomo ni kweli.

Bachi, yaani orodha ya waliopangiwa mkopo, ilipotoka nilipata boom, pesa ya chakula na malazi; ada nikapewa nusu. Siwezi kuapa kwamba ningepewa yote, lakini Bodi huangalia ulemavu inapopima uhitaji, na mimi nilikuwa nimeufuta wangu. Wakati wa rufaa ningeandika nini, na saini yangu iko pale? Chuoni nako sikumwambia mtu. UE ya kwanza, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, karatasi ilikuja na maandishi madogo; nikaiinamia mpaka pua ikagusa meza. Msimamizi anatangaza dakika kumi zimebaki, mimi niko swali la pili kati ya manne. Nilitoka na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza macho yanaendeleaje, nami namjibu hayasumbui. Mwaka mzima nilimdanganya mama yangu, na hilo linaniuma kuliko sapu zenyewe.

2. Barua ya kuthibitisha ulemavu ipitie kwa DMO au RMO, yaani mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa; ya zahanati peke yake haikutoshi. Iwe mkononi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana daktari ana safari na vikao vyake.

3. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yafanane na ya cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.

4. Hii si sadaka. Ukishamaliza chuo unapewa miezi 24, halafu marejesho yanaanza. Mimi leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, sawasawa na mwenzangu wa meza ya pili anayeona mpaka ng'ambo ya barabara. Sasa mtu unayekopa na kulipa, aibu ya nini? Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Jamani, someni hata kurasa zake chache.

5. Ukiripoti chuoni, wiki hiyo hiyo nenda kitengo cha mahitaji maalumu. Usingoje UE. Mimi nilikwenda mwaka wa pili, na barua yangu ya daktari imekunjwa mara nne. Mtihani uliofuata nililetewa karatasi ya A3, herufi kubwa nyeusi, na muda wa ziada. Nikamaliza, nikarudi swali la kwanza, nikasahihisha. Sikuwahi kusahihisha mtihani wangu tangu naanza chuo. Nikakaa pale kalamu nimeishika, nalia, msimamizi akadhani naumwa.

Yule mdogo wangu amebadilisha jibu lake, ila fomu hajaituma, anasubiri barua. Jumanne saa mbili asubuhi tunakwenda wote kwa DMO. Yeye atanisomea vibao vya milangoni, mimi nitakaa kushotoni kwake nimsikilizie anachosema daktari.