Fundi Anajibu: Ist ya zamani, mafuta mazito ya moteri?

SWALI: Fundi, nina taksi, Toyota Ist ya 2004, imeshatembea kilomita 280,000. Jirani aliniambia: "Gari imezeeka, na hii milima ya Bukavu haitaki mafuta mepesi. Tia 20W-50." Nikatia. Sasa kila asubuhi moteri inalia kama mnyororo, kisha inatulia. Nimekosea?
Dereva, Panzi

JIBU: Papa, jirani ana nia njema, na kosa hilo nimelifanya hata mimi. Vitz ya mama mmoja wa Nguba niliitilia 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye rafu. Siku ya tatu akaja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hakunisalimu, akanilalamikia kelele hiyohiyo ya asubuhi. Vidanji (kubadilisha mafuta) ya pili nilimfanyia bure.

Namba yenye W inaonyesha mafuta yanavyotembea moteri ikiwa baridi. Ya pili, ikiwa moto. Kwenye nyuzi 100, mafuta ya namba 50 ni mazito karibu mara mbili kuliko ya 30. Asubuhi zetu za nyuzi kama 15 hazigandishi kitu, lakini 20W-50 hupanda pole pole hadi juu ya moteri. Na mnyororo unaozungusha valvu kwenye moteri yako (1NZ au 2NZ) hukazwa na presha ya mafuta. Presha ikichelewa, mnyororo unalegea, unapiga. Vijia vya mafuta vya VVT-i, mfumo wa Toyota unaopanga muda wa valvu kufunguka, navyo ni vyembamba.

Milima? Termostati na radieta hushikilia joto la moteri karibu palepale, uwe Panzi au Uvira kwenye jua kali.

Mwaga hiyo, badilisha filtri, tia 5W-30, lita 3.7. Usinunue ya bidoni isiyo na maandishi, hata muuzaji akiapa. Halafu pima kwa kijiti kila Jumapili, moteri ikiwa imepumzika, mahali tambarare (kama utapaona Bukavu hii!). Andika unachoongeza. Ikifika zaidi ya nusu lita kwa kilomita 1,000, panda hadi 10W-40, usiruke zaidi. Ukiona moshi wa buluu, segma (ringi za pistoni) au mpira wa valvu vimechoka, na hakuna namba ya mafuta inayotibu hilo.

Kelele ikibaki hata na 5W-30, ni mnyororo wenyewe au kikazio chake. Lete gari jioni, ilale garajini. Nataka kuiwasha mimi asubuhi, ikiwa bado baridi.