Maswali ya Hepburn, na tafadhali si Audrey

Wiki iliyopita nilimgusia Katharine Hepburn, mwigizaji wa filamu wa Marekani, na simu yangu haijatulia tangu hapo. Najibu machache.

Huyo si ndiye yule wa miwani myeusi na mkufu wa lulu?

Siye. Huyo ni Audrey Hepburn, mwigizaji mwingine, mzaliwa wa Brussels. Katharine alizaliwa Hartford, Connecticut, mwaka 1907, na hawana undugu wowote. Ni mtu wa tano kuniuliza hili. Wa sita simjibu.

Shikamoo kaka. Kweli alipata Oscar nne?

Marahaba. Nne, zote za mwigizaji bora wa kike, kwa filamu za 1933, 1967, 1968 na 1981. Ile ya 1968 alilingana kura na Barbra Streisand. Hakwenda kupokea hata moja. Nawajua wasanii wetu wanaoshona gauni la tuzo kabla hawajamaliza kushuti.

Aliolewa na Spencer Tracy?

Hapana, Tracy alikuwa na mke. Walicheza pamoja filamu tisa. Ulizeni kazi, jamani.

Kwa nini aliitwa sumu?

Mei 1938 chama cha wenye majumba ya sinema kililipia tangazo gazetini, kikawaita sumu waigizaji wanaolipwa hela nyingi huku viti vikibaki vitupu. Hepburn alikuwemo, pamoja na Greta Garbo na Joan Crawford. Studio yake, RKO, ikampa filamu ya hovyo. Akaona bora alipe mwenyewe kuvunja mkataba, akarudi jukwaani New York.

Hapo ndipo nawaomba mtulie. Mwaka 1939 alicheza mchezo wa The Philadelphia Story. Badala ya kung'ang'ania mshahara, akachukua asilimia ya mapato. Haki za kuufanya filamu akawa nazo mkononi, tajiri Howard Hughes ndiye aliyemnunulia. Mchezo ulipojaza watu, wakubwa wa Hollywood wakaja wenyewe. Studio ya MGM wakauziwa kwa masharti: nyota ni yeye, na mwongozaji hachaguliwi bila yeye. Filamu ikatoka 1940, na habari ya sumu ikaishia hapo. Kipaji alikuwa nacho hata 1938. Kilichobadilika ni karatasi.

Mimi mwigizaji chipukizi, Dar. Prodyuza anataka nisaini leo kwa sababu kesho anasafiri. Nisaini?

Mwache asafiri. Chukua nakala, mpelekee mwanasheria, na angalia kama unauza siku zako za kazi tu au unauza na sura yako milele. Mimi niliwahi kuuza skripti kwa bwana mmoja, jina nalihifadhi. Bahasha ya laki tatu, nikasaini juu ya boneti ya gari bila kugeuza ukurasa wa pili. Miezi michache baadaye naikuta DVD yake inauzwa stendi ya mabasi, na muuzaji ananipigia debe niinunue. Nikanunua.

Meli ya Wajerumani kwenye filamu yake ya The African Queen ndiyo Liemba yetu ya Kigoma?

Ya kwenye filamu ni ya kubuni, ila yenye kufanana nayo ipo kweli: Graf von Götzen, iliyokuwa Ziwa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza. Kwenye filamu inalipuliwa. Ya kweli Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kamera zilikwenda Kongo ya Wabelgiji na Uganda, siyo Kigoma. Matukio ya kuloa majini yalishutiwa kwenye tangi Uingereza.

Nasikia aliugua huko Afrika.

Sana. Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston walikuwa wakinywa wiski. Yeye akawaonyesha mfano mwema kwa kunywa maji, na tumbo likamkamata. Lile tukio la kanisani, ambapo anapiga kinanda uso umempauka, ndoo ya kutapikia ilikuwa kando tu ya kamera. Akimaliza kipande anainamia ndoo, anajifuta, anarudi kwenye kinanda. Oscar ya filamu hiyo alipewa Bogart.

Naomba linki ya kuipakua bure.

Rudi juu usome habari ya boneti.