Uliza Mwalimu: "by", "in" au "on"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Temeke, nafanya kazi mapokezi hotelini, wageni kila saa wanauliza wataendaje Kigamboni mara Zanzibar, na kwenye usafiri ndo Kiingereza kinanikoroga. Nikisema "go with ferry" mwenzangu anasema sema "by". Nikasema "I came by my car" akacheka, nikasema "in the bus" akasema ni "on". Tushike lipi? Na kwa miguu ni "by legs"?

JIBU: Marahaba. Inaanzia kwenye "kwa" yetu hiyo, maana sisi kwa basi, kwa kisu, kwa hasira, yote kwa, basi mdomo unakimbilia "with". Kwenye usafiri with achana nayo.

"By" inataka jina tupu, unataja aina ya usafiri tu: by bus, by train, by ferry. Ukishaweka a, the, my, his, by inaondoka, inakuja in au on: "in my car", "on the ferry". Hapa wanateleza hata wenye digrii zao.

Sasa in au on, wengi wamefundishwa kwamba chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani ni on (basi, treni, ndege, meli), na usichoweza ni in (gari dogo, teksi). Inasaidia ila usiishike kama msahafu, maana kwenye hiace unainama mpaka shingo inauma na bado ni "on the daladala", kwa sababu ni gari la abiria lina ruti yake. Cha kukalia juu nacho ni on, kwa hiyo "on a bodaboda", ila "in a bajaji" coz umeingia ndani. Mtumbwi ni in. Lori, ukikaa mbele na dereva ni "in the lorry", ukiwa juu ya magunia huko nyuma ni "on the back of the lorry". Na hiyo "in the bus" yako wala sio kosa la kuchekwa, mtu akisema "it's hot in the bus" yuko sawa kabisa, anaongelea humo ndani.

Miguu ni "on foot". Legs hapana jamani!

Kupanda na kushuka kunafuata hivyohivyo: basi ni get on, get off, teksi ni get in, get out. Ile "I'm dropping at Posta" tunayoipenda sana iache, drop ni kumshusha mtu, wewe sema "I'm getting off at Posta".

Mgeni wa Kigamboni mwambie hivi: "Take a taxi to Magogoni, get on the ferry and get off on the other side." Ukianza na take hata by huihitaji.