Erich Hartmann hakufia kifungoni

Ndugu uliyeuliza kama Erich Hartmann, rubani wa kivita wa Ujerumani, aliuawa na Wasovieti baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia: hapana, alirudi nyumbani akiwa hai, ila alichelewa sana.

Ni yeye anayeshika rekodi ya kuangusha ndege nyingi kuliko rubani yeyote, 352, karibu zote za Wasovieti. Hakutegemea sarakasi za angani. Alinyemelea mpaka ndege ya adui ijae kwenye kioo chake cha mbele, akafyatua kwa muda mfupi, akatoweka. Ndege yake iliharibika mara kadhaa kwa vipande vya ndege alizozilipua mwenyewe.

Mei 1945 alijisalimisha kwa Wamarekani, nao wakamkabidhi kwa Wasovieti. Akakaa kwenye kambi za wafungwa zaidi ya miaka 10. Mwanawe wa kwanza alizaliwa na kufariki baba akiwa huko, hakuwahi kumwona. Aliachiwa 1955.

Akajiunga na jeshi jipya la anga la Ujerumani Magharibi, akaongoza JG 71, kikosi cha ndege za kivita. Hapa ndipo ninapomheshimu: alipinga waziwazi ununuzi wa F-104, ndege ya kivita ya Kimarekani, akisema marubani hawajawa tayari kwa ndege ile. Hakusikilizwa. Baadaye zilianguka karibu 300, na marubani zaidi ya 100 walikufa. Msimamo huo ulimgombanisha na wakubwa wake, akastaafu mapema, 1970, akafundisha urubani wa kiraia.

Alifariki 1993. Mwaka 1997 Urusi ilifuta hukumu ya uhalifu wa kivita ambayo Wasovieti walimpa akiwa kifungoni.