Ukiulizwa hali kliniki, usijibu "mzima"

"Mama, unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, sista."

Sista akaandika kitu kwenye faili, akaita mgonjwa mwingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala nimeketi, maana nikijinyoosha nakoroma mpaka pumzi inakatika. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi tangu saa tisa za usiku. Kwenye matatu kutoka Kawangware kijana mmoja alinikodolea macho, akamgusa mwenzake, wakacheka mpaka kituo cha Yaya. Lakini nilikuwa nimeulizwa hali, na nyumbani kwetu ukiulizwa hali unajibu njema kwanza, hata kama umebebwa kwa machela.

Adabu hiyo ilinigharimu karibu miaka 2 ya matibabu, ndiyo maana naandika.

Ugonjwa wangu ni akromegali. Chini ya ubongo kuna tezi yenye ukubwa wa mbaazi, inaitwa pituitari. Ikiota uvimbe (ambao kwa kawaida si saratani) na uvimbe huo ukamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, mtu mzima harefuki tena. Anapanuka: mikono, miguu, taya, pua, paji la uso. Ni ugonjwa adimu, unapata watu wachache tu katika kila laki moja, na huja polepole mno kiasi kwamba hata mnayelala kitanda kimoja haoni. Mimi viatu ndivyo vilivyoniambia. Sokoni Gikomba nilikosa viatu vya kike vya kunitosha, nikahamia kwa wauzaji wa viatu vya wanaume nikijiambia ni uzee. Pete ya ndoa ikabidi ikatwe na sonara. Mwishowe mhudumu wa benki alitazama kitambulisho changu, akanitazama mimi, akaniomba kwa heshima nimlete mwenyewe.

Nilipasuliwa kupitia puani, kisha nikaanzishwa sindano ya kila baada ya siku 28. Kipimo cha damu kinachoitwa IGF-1, ambacho huonyesha homoni hiyo inafanya kazi kiasi gani, kikashuka hadi kiwango cha mtu wa umri wangu. Daktari alifurahi kweli. "Damu yako ni safi, mama." Nami nikafurahi kwa sababu yeye alifurahi. Niliporudi kibandani kwangu nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano, nikashindwa mara nne.

Mimi ni fundi wa nguo. Mteja akiniambia kiuno chake ni 32, simwamini, nazungusha tepu. Sasa fikiria fundi huyo huyo, anayepima kila mtu, anatoka hospitali akiwa amepimwa damu tu na anaamini amepimwa mwili mzima! Baadaye nilielezwa kwamba hilo linajulikana vizuri na watafiti: homoni inaweza kurudi sawa na maisha ya mgonjwa yasirudi. Sehemu laini, kama uvimbe wa vidole, hupungua baada ya matibabu. Mfupa uliokwisha kupanuka haurudi. Maumivu ya viungo nayo mara nyingi hubaki.

Kwa sababu hiyo kuna dodoso la ugonjwa huu peke yake, linaitwa AcroQoL. Lilitungwa Barcelona na watafiti kina Susan Webb na Xavier Badia, likachapishwa 2002. Lina maswali 22. Manane ni ya mwili: viungo, nguvu, uchovu. Saba ni ya sura: kioo, picha, watu wanaokutazama. Saba yaliyobaki ni ya mahusiano, kuanzia kwenda kwa marafiki hadi mambo ya chumbani. Kila swali lina majibu matano, 1 hali mbaya kabisa, 5 hali nzuri kabisa. Ukijumlisha, toa 22, gawanya kwa 88, zidisha kwa 100, unapata alama kati ya 0 na 100.

Mara ya kwanza nilipata 81. Karibu sawa na mwanamke mwenye afya!

Hebu nieleze nilivyoipata. Nilikuwa kwenye benchi la ukumbini, dodoso liko kwa Kiingereza, sista ananifasiria huku anaitwa huku na huku. Kando yangu alikuwa ameketi mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliyenileta kwa gari lake. Sista akafika lile swali la hamu ya mapenzi. Jamani! Mama gani atajibu hilo mbele ya mkwe? Nikasema kwa sauti, "Hakuna shida yoyote," nikawa nimejifunga, kila swali lililofuata likawa hakuna shida. Hata lile la sura lilipotea njiani. Aliniuliza, "Unajiona mbaya?" Nikadhani anauliza kama mimi ni mtu mwovu, nikakataa kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa aibu kidogo: omba ujaze peke yako. Mkwe akanywe chai. Kama lugha inakushinda, omba msaidizi asiye wa ukoo wako, na swali usilolielewa mwambie aligeuze upya. Dodoso la namna hii likitafsiriwa sawasawa hupitia watafsiri zaidi ya mmoja, kisha mtu mwingine hulirudisha katika lugha ya kwanza kuona kama maana imebaki, kisha wagonjwa wenyewe huulizwa wameelewa nini. Ya ukumbini si tafsiri, ni bahati nasibu, ingawa simlaumu sista aliyekuwa na watu arobaini mbele yake.

Nilipojaza tena peke yangu nilipata 41.

Usiishie kwenye hiyo jumla. Omba alama za kila sehemu. Zangu zilikuwa hivi: mwili 59, mahusiano 39, sura 21. Ukiangalia 41 tupu utaongezewa dawa za maumivu. Ukiangalia 21 ndipo unajua kwa nini nilikuwa nimeacha kwenda chama na nikiitwa harusini natuma mchango tu. Daktari aliyeziona alinyamaza kidogo, akanipeleka kwa mshauri nasaha, jambo ambalo hakuna kipimo cha damu kingemwambia. Alinipeleka pia kupimwa usingizi, na mazoezi ya mikono.

Siku unayojaza nayo ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mimi kichwa huniuma zaidi siku chache kabla ya sindano inayofuata. Nikijaza siku ya 26 tangu sindano mwezi huu na siku ya 10 mara nyingine, nitakuwa nalinganisha kanzu na kaptula. Chagua siku moja ya mzunguko wa sindano, ishike.

Halafu kuna daftari. Maneno "vizuri" na "vibaya" yanatudanganya, hasa sisi tuliolelewa kusema njema, kwa hiyo mimi naandika vitendo. Vifungo vingapi nimeshona kabla mkono haujafa ganzi. Nimeamka mara ngapi usiku. Nimepumzika mara ngapi kwenye ngazi za kwa dada yangu, ghorofa ya nne. Nimekataa mialiko mingapi. Sista akiniuliza siku hizi naendeleaje, namjibu, "Vifungo kumi na viwili, nimeamka mara mbili." Mwanzoni alicheka, sasa anaandika.

Baada ya mwaka nilipata 58. Mwili 78, mahusiano 64. Sura 29, ambayo haijaondoka mahali pake sana, na sidhani itaondoka.

Mwezi uliopita nilikwenda kubadilisha kitambulisho, nikapigwa picha mpya. Benki hawanisumbui tena. Swali la picha bado nalijibu 2.