Pumu, mafua na moyo unaopiga mbio

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 52 na ana pumu tangu utotoni. Anashusha mboga kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kibumba hadi Goma. Wiki mbili zilizopita mafua makali yalimlaza siku tano. Homa imeisha, lakini kifua kinabana na moyo unapiga mbio. Anavuta pompi ya salbutamoli mara saba au nane kwa siku. Kwenye duka la dawa wanataka kumpa propranololi ya kutuliza moyo. Ameze?
Mama wa Majengo, Goma

JIBU: Hapana, Mama, asiimeze hata kidonge kimoja. Propranololi hupunguza mbio za moyo, ni kweli, lakini hubana njia za hewa, na humfungia mwenye pumu mlango uleule ambao salbutamoli hupitia kumwokoa.

Salbutamoli nayo huharakisha moyo na kutetemesha mikono. Kwa hiyo mhesabu mapigo asubuhi, kabla hajagusa pompi. Akae kimya dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Yakizidi 100 bila homa, usiilaumu pompi tena. Hata yasipozidi, kifua kinachobana wiki mbili baada ya mafua kinadai apimwe moyo kwa mashine wiki hii.

Mwili unapopigana na virusi, damu huganda upesi, na mafuta yaliyojijenga kwenye mishipa ya moyo huweza kupasuka. Virusi vingine huvimbisha msuli wenyewe wa moyo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotolewa 2018, ulikuta hatari ya shambulio la moyo imepanda kama mara 6 katika siku 7 za kwanza baada ya influenza, yaani mafua makali, kuthibitishwa. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa wamepita miaka 65. Mume wako ameivuka wiki hiyo, lakini uvimbe wa msuli huweza kujitokeza baadaye.

Kinachotutia hofu ni mazoea ya kuita kila kubanwa pumu. Pumu kwa kawaida hulegea ndani ya dakika 15 baada ya pompi. Moyo uliochoka humnyima mtu kulala chali. Huomba mito miwili, mitatu, na ukibonyeza mguu juu ya kifundo, shimo hubaki. Nao pia huweza kuleta mlio wa filimbi kifuani, basi filimbi isikudanganye. Maumivu mazito katikati ya kifua, kuzimia au midomo kugeuka bluu: hospitali saa ileile, hata usiku.

Pompi mara nane kwa siku maana yake uvimbe wa mapafu haujatibiwa. Aombe pompi ya kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe huo, ya kila siku, hata akijisikia vizuri. Avute kupitia chupa ya plastiki ya ml 500: toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pompi, ziba pembeni kwa utepe. Atikise pompi, abonyeze mara moja, avute pole pole mara 5 kwenye mdomo wa chupa, ndipo abonyeze tena.

Chukudu ipumzike hadi moyo upimwe. Tunajua chakula cha nyumbani kinatoka hapo. Lakini msuli wa moyo ukikutwa umevimba, kazi nzito husimama miezi 3 hadi 6, kwa sababu kusukuma mzigo wakati huo kunaweza kuusimamisha moyo ghafla. Mbabula ya makala (jiko la mkaa) nayo iwashwe nje, mbali na anapolala.